Re: Nyumba ya kontena au ya paneli, ipi inafaa Kigamboni?

Mkuu, umeuliza kontena au paneli za EPS (zile za foamu) kwa kiwanja chako cha Kigamboni, mi nakwambia nenda na paneli. Kontena linavutia kwa picha tu, ila ndani lina upana wa mita 2.35 hivi, sasa ukibandika insulesheni na jipsamu kuta zote mbili, kitanda cha sita kwa sita kikishaingia mnapita kwa ubavu, na bila insulesheni saa nane mchana hapo ni oveni kabisa. Halafu upepo wa bahari na chuma haviivi, kutu utapambana nayo kila mwaka. Na ile plaiwudi ya chini nyingi imepigwa dawa ya wadudu, watu wanalaza watoto juu yake hata hawaulizi!

Paneli ni foamu katikati, wavu wa waya huku na huku, unapiga plasta pande zote, basi. Kenya shirika la nyumba la serikali, NHC, lina kiwanda chake cha paneli hizi Mavoko. Ila tafuta fundi aliyewahi kuzijenga, plasta ikiwa nyembamba zile nyaya nazo zinaliwa na chumvi.