Jibu: Mama ana demensia, nimpeleke India akamiminiwe mafuta?
Dada, pole na kuuguza. Umeuliza kama mama akifanyiwa shirodhara, yaani huko kumiminiwa mafuta, kule Kerala, India, anaweza kuacha donepezili, dawa yake ya demensia. Hapana, asiache. Yale mafuta ya uvuguvugu yanayochuruzika kwenye paji la uso kutoka chungu kilichoning'inizwa humtuliza mtu, pengine akalala vizuri, kumbukumbu hayairudishi. Na mgonjwa anayeshtuka akiguswa na wageni, kulala chali nusu saa ni mtihani! Kinachonitia hofu zaidi ni vidonge vya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, ambavyo huenda akapewa huko. Mwaka 2008 watafiti Marekani walipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni: takriban 1 kati ya 5 ilikuwa na madini yenye sumu ya risasi, zebaki au aseniki. Brahmi nayo, mmea unaotumika kama dawa ya Ayurveda, mwonyeshe daktari kwanza, inaweza kuingiliana na donepezili.