Zabibu, "Raisin" na Daftari la Asili ya Maneno

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza, mtoto wa mkulima wa Mpunguzi, Dodoma, aliandika katika insha ya Kiingereza kwamba baba yake huvuna "raisins" kila msimu. Nilimkosoa kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa "raisin" ni zabibu iliyokaushwa. Aliniuliza kwa adabu: "Samahani, Mwalimu, kamusi imesema ni zabibu. Kosa langu ni lipi?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza, nikaenda kulitafuta.

Waingereza walilipata neno hilo kwa Wafaransa, ambao mpaka leo huliita "raisin" tunda lenyewe likiwa bado shambani. Sisi tulilipata "zabibu" kwa Waarabu, ambao kwao "zabib" ni ile iliyokwisha kukaushwa. Neno moja, basi, liliondoka shambani likaishia kwenye pakiti, na jingine liliondoka likiwa kavu, likafika Dodoma na kuning'inia mbichi kwenye mizabibu yetu. Hata "grape", katika Kifaransa cha kale, lilikuwa jina la kichala kizima. Tangu nilipolieleza darasa jambo hili, sijaona tena kosa lile katika madaftari yao.

Ndiyo maana nakushauri uache kukariri orodha ndefu za misamiati, kama nilivyofanya mimi shuleni na kuisahau yote baada ya mtihani. Tenga daftari, na kila neno jipya uliandikie mstari mmoja unaoeleza lilikotoka. Anza na maneno ambayo tayari una ndugu zake nyumbani: "sugar" na sukari, "coffee" na kahawa, yote yamepitia Kiarabu. Kisha endelea na "vinegar", yaani siki, ambalo kwa Kifaransa lilikuwa "mvinyo mchachu", jambo ambalo mkazi wa mkoa unaotengeneza mvinyo hawezi kulisahau. "Window" ni "jicho la upepo" katika lugha ya kale ya Skandinavia.

Hata hivyo, asili ya neno isichukuliwe kuwa ndiyo maana yake ya leo. "Nice" limetokana na neno la Kilatini la mtu asiyejua kitu, na Waingereza wa zamani walilitumia kwa maana ya mpumbavu. Jihadhari pia na hadithi tamu: "salary" lina mzizi wa chumvi kweli, lakini kisa cha askari wa Roma kulipwa chumvi hakina ushahidi madhubuti.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni "safari", ambalo Kiingereza kililichukua kwetu katika karne ya 19, enzi ya wasafiri kama Richard Burton, aliyepita Ugogo, nchi ya Wagogo huku Dodoma, na msafara wake mwaka 1857. Kwao limebaki zaidi na maana ya kwenda kutazama wanyama. Kwetu, anayepanda basi la Singida alfajiri kwenda kumwona mama yake yuko safarini.