Re: Miaka 45, nimechelewa mafundisho?

Hujachelewa mafundisho ya ubatizo, dada. Umeuliza kama hapa Malindi utakalishwa na watoto wa kipaimara: la. Wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) watu wazima wana darasa lao, na kwetu Wakatoliki kawaida hubatizwa usiku wa Mkesha wa Pasaka, kwa hiyo usidhani ni jambo la wiki mbili.

Ila usingoje darasa lifunguliwe. Anzia jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwako, yaani kikundi cha waumini majirani wanaosali pamoja. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970. Yetu ya Muyeye hukutana uani, juu ya jamvi, nyumba kwa zamu. Wazee watatu wana miwani moja, hupokezana mpaka Injili iishe (usicheke, mimi ni mmoja wao). Mahamri hayakosekani.