Nilipoacha Kula, Mji Wote Ukaniletea Chakula

Juzi nimepokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Malindi. Ameona picha yangu kwenye harusi ya ndugu yangu mdogo, nimesimama na kanzu mpya na kofia ya viua, tumbo limetulia mahali pake. Anauliza: "Kaka, wewe ni mtu wa Lamu, na Lamu naijua. Umepunguaje?"

Ujumbe huo nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza peke yangu, ya pili nikamsomea mke wangu, ya tatu nikausoma kwa sauti dukani huku mteja akingoja simu yake. Mnisamehe. Mtu aliyetoka kilo 97 akafika 88 bila kuhama kisiwa hiki ana haki ya kujisifu kidogo, na ninyi mnaonisoma najua mnaitafuta njia hiyo hiyo, maana sote tumelelewa na mahamri yale yale.

Basi nianze pale palipouma.

Mwaka jana nilirudi kutoka Mokowe, ng'ambo bara, na gunia la mchele, mtungi wa gesi na goti lililokuwa likinisumbua. Pale gatini nikamkodi kijana mmoja na punda wake. Nikamwambia mzigo apakie, na mimi pia nitapanda, goti haliniruhusu. Kijana akamtazama punda. Akanitazama mimi. Akamtazama tena punda, kama anayemwomba ushauri. Kisha akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionimaliza: "Ami, tupakie mtele kwanda. Wewe ngoja safari ya pili."

Wazee waliokuwa wamekaa kivulini walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa yake. Kufikia magharibi nilikuwa na jina jipya. Mpaka leo kuna watu hawanijui kwa jina nililopewa na baba yangu, wananijua kwa Safari ya Pili.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaenda pale wanaponunua samaki, kwa sababu nyumbani hatuna mizani ya watu, nikavua ndara nikapanda. Chuma kilikuwa baridi, kimelowa, na magamba yakanigandama kwenye nyayo. Sindano ikapanda, ikasita kidogo, ikasimama kwenye 97. Kijana wa mizani akaandika 97 kwenye daftari lake kwa mazoea, kisha akakumbuka kuwa mimi si changu wala tewa, akafuta.

Wageni hudhani watu wa Lamu lazima wawe wembamba, eti mjini hakuna magari, kutwa tunatembea. Mimi ni fundi wa simu. Duka langu liko Langoni na nyumbani ni mwendo wa dakika nne, na katika dakika hizo nne kuna mama wa mahamri, kuna kijana wa viazi karai, kuna juisi ya ukwaju iliyopozwa na barafu. Nikitembea zaidi, nala zaidi.

Nikafanya kama mnavyofanya ninyi nyote: nikaingia kwenye simu. Huko nikakuta vijana wenye vifua vya mbao wakifundisha kufunga saa 16 na kula ndani ya saa nane tu. Hesabu ikanipendeza. Mke wangu naye akaniunga mkono kwa njia yake: alikuwa akitazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, akaninyooshea kidole kwenye runinga akasema, "Mtazame yule, mbona yeye hana tumbo?"

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo nashangaa hakuna daktari aliyelitaja. Katika tamthilia za Kituruki hakuna mtu anayemaliza staftahi. Meza imejaa zeituni, jibini, mayai, mikate na chai kwenye vigilasi vile vidogo. Mtu anakaa, anamega kipande, simu inalia. Baba amegundua siri, au bibi arusi ametoroka. Mtu anainuka na koti lake, meza nzima inabaki vile vile. Kipindi kinachofuata, mambo ni yale yale. Wale watu wana miaka hawajala. Sisi huku ukiinuka kwenye sinia kabla ya wenzako, watu huuliza nani amefariki.

Nilianza Jumamosi. Nikaruka mahamri na mbaazi za nazi nyumbani, nikashuka ngazi kifua mbele. Sasa, sifa ya mji wetu ni nyumba za mawe ya matumbawe, boriti za mikoko na milango ya nakshi, na kwa hayo UNESCO ikatuandika kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ila kwa mtu anayekikimbia chakula, mji huu ni mtego. Ndia ni nyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kusubiri. Shangazi yangu alikuwa amekaa kwenye daka lake, kile kibaraza cha mlangoni, na sahani ya kaimati, shira inang'aa. Pa kupita hapakuwa ila mbele ya magoti yake.

"Ndoo, mwanangu," akaniita.

Nikamjibu maneno mawili. Laiti ningeng'atwa ulimi. Nilisema: "Nimeacha kula."

Hakusema kitu. Alinitazama tu usoni, akaweka sahani chini, na hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Kufika adhuhuri nikaambiwa nina sukari. Alasiri nikawa na presha juu ya sukari. Kabla ya magharibi tayari nilikuwa nimevushwa Manda kupanda ndege ya Mombasa, na hali yangu haikuwa nzuri. Haya yote nilikuwa nayasikia nikiwa dukani kwangu, nimeshika bisibisi. Mteja mmoja akaja kuchukua simu yake ambayo hata sikuwa nimeifungua. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Naichukua tu, fundi, kabla mambo hayajawa mengi."

Usiku wakaja kunizuru. Na nyinyi mnajua mgonjwa hazuriwi mikono mitupu. Jirani wa kwanza alileta uji wa mchele wa nazi. Wa pili supu ya kuku. Binamu yangu akaja na mkate wa sinia, bado una moto, umechambuka juu kama ngozi ya mtu aliyechomwa na jua, harufu ya iliki imetangulia kupanda ngazi. Mama mmoja wa mtaa wa pili, ambaye kwa kweli hatujuani vizuri, alileta biriani, kwa hoja kwamba mgonjwa hutamani kabla hajaweza. Nikawaeleza kuwa mimi mzima, napunguza mwili tu. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Maskini, hajui." Kisha wakakaa. Mgeni wa namna hiyo haachi chakula akaondoka. Anakaa aone ukila, na kila tonge likishuka anasema alhamdulillahi.

Wiki ile nilirudi kwenye mizani ya samaki. Kilo 98.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Malindi, ushauri wa kwanza ni huu: usitangaze. Usiseme dayati, usiseme daktari, usiseme umeacha kula. Chakula chenyewe ukikiacha kinakaa kimya. Watu ndio hawakai kimya.

Ya pili yake naona haya kuiandika, lakini nimeanza, nimalize. Baada ya janga la wageni niligundua kuna neno moja ambalo huku halijibiwi: "Nimefunga." Ukisema nimefunga, sahani inarudi, mkono unawekwa kifuani, unaombewa na dua. Nikawa nimefunga Jumatatu. Nikawa nimefunga Alhamisi. Watu wakaanza kunisalimia kwa heshima ambayo sikuwa nayo tangu kisa cha punda. Tatizo ni kwamba sikuwa nimefunga. Nilikuwa kwenye zile saa 16 za vijana wa vifua vya mbao, na saa nane mchana dirisha langu linafunguka.

Alhamisi moja dirisha likafunguka nikiwa Mkunguni, mbele ya Ngome. Nilikuwa na njaa ya kweli. Kijana alikuwa anatoa viazi karai kwenye mafuta, ganda la unga wa manjano bado linachemka. Nikachukua kimoja, nikakichovya kwenye ukwaju, nikakitia chote mdomoni kwa pupa. Ngome ile ilimalizwa kujengwa mwaka 1821, na sidhani kuta zake zimewahi kuona mtu mzima akiteseka namna ile. Kiazi kilikuwa moto ndani kuliko nje. Kumeza sikuweza, kutema mbele za watu sikuweza. Na hapo hapo nikasikia nyuma yangu: "Assalamu alaykum."

Mzee wa msikiti wetu. Yule yule aliyeniombea dua Jumatatu.

Salamu ni lazima kuijibu. Nikajaribu. Kilichotoka mdomoni mwangu hakikuwa Kiarabu wala Kiswahili, kilikuwa mvuke. Machozi yalikuwa yananitoka. Mzee alisubiri kwa subira mpaka nikameza, akanitazama shavuni palipobaki ukwaju, akasema, "Allah aikubali funga yako," akaenda zake taratibu na mkongojo wake.

Hakumwambia mtu yeyote. Najua hakumwambia, kwa sababu lingekuwa limevuma, ningelisikia. Na kule kutonisema kwake ndiko kumenikaa moyoni mpaka leo, kuliko kicheko cha gatini.

Kwa hiyo nikafunga kweli. Jumatatu na Alhamisi, na zile siku tatu nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu. Nilianza kwa aibu, si kwa ucha Mungu, siwadanganyi. Lakini hata hapo kuna shimo, na shimo lenyewe ni futari. Mtu anafunga kutwa nzima, kisha magharibi anashambulia tambi, sambusa, katlesi, vitumbua, viazi vya nazi na gilasi tatu za juisi, anaamka mzito kuliko alivyolala. Nimekuwa mtu huyo. Sasa nafungua kwa tende tatu na maji, nasali, ndipo nakaa kula, na nikikaa njaa ile ya kichaa imeshapita.

Miezi minne iliyofuata sitawachosha nayo. Palikuwa na njaa, palikuwa na hasira, palikuwa na Arsenal, ambayo ilimaliza ya pili misimu mitatu mfululizo kuanzia 2022/23 na kunizoesha bajia za huzuni ambazo kuziacha kulikuwa kugumu kuliko kuacha wali. Mke wangu akakubali kupika kwa tui jepesi, ingawa yeye husema mchuzi wa namna hiyo ni maji yaliyopita karibu na nazi.

Kilichonifaa zaidi ya yote ni mama yangu. Nilimweleza ukweli wote, hadi kiazi. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akajifunga leso akatoka. Alipita nyumba kwa nyumba, na sijui aliwaambia nini, ila tangu siku ile sahani zote za kwangu zinapelekwa kwake. Shangazi akipika kaimati, zinaenda kwa mama. Biriani, kwa mama. Mama naye siku hizi kanzu zake zinambana, lakini hilo tutaliongea siku nyingine.

Kwa hiyo mtafute mtu mmoja ambaye mji unamsikiliza, mwambie yeye peke yake. Wengine usiwatangazie. Kwenye maulidi, mkizunguka sinia watu watano, kaa karibu na yule mwenye mkono mwepesi na wewe uwe mwenye maneno mengi. Hakuna anayehesabu matonge ya mtu anayesimulia. Hiyo imenifaa sana kule Msikiti wa Riyadha, hapa hapa Lamu, na pilau ya pale si ya mchezo.

Na vijana, niwaambie kitu. Mnakunywa soda asubuhi kama maji, chipsi usiku, halafu mnamwuliza fundi wa simu siri ya kupunguza mwili. Mwili ni amana. Babu zetu walikula wali wa nazi na samaki wa kupaka lakini walivuta tanga, walikata boriti, waliteka maji. Nyinyi mnavuta kioo kwa kidole gumba. Na tena mnatangaza! Mtu hajaruka hata mlo mmoja, ameshapiga picha ya tango. Usitangaze, nimesema. Mke wangu anasoma haya begani kwangu na anasema nimeanza kuhutubu, na kwamba mimi ndiye niliyesoma ujumbe wa watu dukani kwa sauti. Haya.

Wiki iliyopita nimekwenda gatini kupokea vioo vya simu kutoka Mombasa. Nani nakutana naye? Kijana yule yule, punda yule yule. Amekua, ndevu zimeanza kumtoka. Akanitazama toka juu hadi chini, akatabasamu, akapangusa mgongo wa punda kwa kiganja. "Ami, panda. Yeo safari ya kwanda."

Wazee walikuwa pale pale kivulini. Nikapanda taratibu, kama sultani, boksi la vioo nimelipakata. Kijana akatoa mlio wa kumwamsha punda. Punda hakwenda. Akatoa tena. Punda akageuza shingo, akanitazama kwa jicho moja, akarudisha kichwa, akasimama imara kama aliyepandwa.

"Si uzito, ami," kijana akasema haraka. "Huyu ana tabia zake."

Nikashuka. Nimechagua kumwamini.