Kabla hawajakusoma, watakusema

Kitabu kikitoka Unguja au Pemba, habari zake hufika barazani kabla ya nakala. Maduka ya vitabu ni machache, bei ya kitabu inashindana na mchele wa nyumbani, na msomaji mmoja aliyekipata huwasimulia wengine wengi ambao hawatakifungua. Kwa hiyo jina la mwandishi wa Visiwani hujengwa zaidi na watu waliosimuliwa kuliko waliosoma. Sisi tunaohariri na kupitia miswada ya watu tunaona kuwa umbea wenyewe mara nyingi hupita. Kinachomharibia mwandishi ni kujibu neno la aina moja kana kwamba ni la aina nyingine.

Maneno yenyewe ni ya aina tatu. Yapo madai ya jambo lililotokea au halikutokea: kaiba hadithi, kamwandika fulani, kalipwa aandike. Yapo maoni juu ya kazi: inachosha, Kiswahili chake kigumu, mwisho hauna maana. Na yapo maneno juu ya mtu: kwao wapi, wa chama gani, mbona hajaolewa. Dai hujibiwa kwa ushahidi. Maoni hayajibiwi. Maneno juu ya mtu, ukiyajibu, yanapata siku saba nyingine za kuishi. Kabla ya kusema lolote, chukua karatasi uandike neno lile kama lilivyosemwa, si kama lilivyokuuma, ndipo uamue ni la fungu gani. Mengi huja yamechanganyika: "Riwaya yenyewe mbovu, na hata hiyo kaichukua kwa mwenzake." Hapo dai ni moja tu, la kuchukua. Jibu hilo, ubovu waachie wasomaji.

"Kamwandika fulani"

Kwa hapa kwetu hii ndiyo tuhuma nzito kuliko zote, kwa sababu kila mtu ni jirani au shemeji wa mtu. Waandishi wengi hudhani wakibadilisha jina wamemaliza. Lakini mtu wa Kikwajuni au wa Wete hatambuliwi kwa jina. Anatambuliwa kwa lakabu, kwa kauli anayoirudia kila akikaa, kwa baiskeli anayoendesha, kwa wake aliowaacha na mpangilio wa kuwaacha. Ukimpa jina jipya ukamwachia kiapo chake cha kumalizia kila sentensi, umemtaja.

Kabla muswada haujaenda kwa mchapaji, wape wasomaji watano: wawili wa mtaa au kijiji kinachofanana na cha hadithi, mmoja asiyeupenda uandishi wako, mmoja mwenye elimu ya dini, na mmoja wa kisiwa cha pili. Usiwaulize kama kuna mtu wamemtambua. Swali hilo linawatuma kutafuta, na anayetafuta hakosi. Waombe tu wakusimulie kwa mdomo wahusika watatu wakubwa, kama wanavyomsimulia mtu ambaye hajasoma. Aliyemtambua mtu atamtaja mwenyewe bila kuulizwa. Mmoja kati ya watano akitaja jina, liandike pembeni. Wawili wakitaja jina lile lile, huna budi kumbadilisha mhusika.

Kumbadilisha si kumpaka rangi. Badilisha angalau mambo manne kati ya haya: kazi, mtaa, lakabu, kauli, umri, idadi ya watoto, kilema, chombo anachopanda. Kisha vunja mpangilio wa matukio, na hapa ndipo wengi wanapochoka mapema. Harusi, safari ya Oman, ugomvi wa nyumba ya urithi, kifo cha ghafla: vikifuatana kama vilivyofuatana kwa mtu wa kweli, watu watamjua hata ukimfanya mwanamke. Ondoa kimoja, au kitangulize, hadithi iulizwe upya kwa nini yanatokea hayo. Mara nyingi inatoka bora, maana sasa sababu unazitafuta wewe. Awali ulikuwa unazikopa.

Lipo kosa la upande wa pili, la kumbuni mtu ambaye yupo. Ukisema mwalimu mkuu wa skuli ya kijiji ulichokitaja kwa jina halisi ni mla rushwa, mwalimu mkuu wa skuli ile ni mmoja tu, nawe hata humjui. Mhusika mbaya mwenye cheo cha mtu mmoja, kama sheha, mwalimu mkuu, imamu, daktari wa kituo cha afya, akae katika kijiji cha kubuni. Jina la mhusika na la baba yake vilevile uviulizie kwa mtu mzima wa mahali pale kabla hujavichapisha pamoja.

Lile tangazo la ukurasa wa mbele, kwamba wahusika wote ni wa kubuni, liweke, ila usilitegemee. Barazani husomwa kama kukiri.

Riwaya iliyosimama juu ya tukio la kweli ina mzigo wake. Haini ya Adam Shafi, ya mwaka 2003, inahusu kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Karume Aprili 1972, na mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Kwa kitabu cha aina hiyo huwezi kumzuia msomaji kuuliza nani ni nani. Unachoweza ni kuamua mapema kama swali hilo utalijibu au hutolijibu, na kushika jibu hilo hilo redioni, ukumbini na nyumbani. Ukimtajia mmoja kwa siri ushawatajia wote, na tena watakuwa wanakunukuu.

"Kaiba"

Hili ni dai la ushahidi, na ushahidi wake hukusanywa kabla ya tuhuma. Weka rasimu zako zote, kila moja na tarehe, usiandike juu ya faili la zamani. Kila ukimaliza sura tatu au nne, jitumie barua pepe yenye rasimu hiyo. Tarehe yake haitegemei saa ya kompyuta yako. Madaftari ya mkono usiyatupe, na yale yaliyokatwakatwa ndiyo yenye thamani zaidi, kwa sababu mwizi wa maandishi hana makosa ya kuonyesha. Kazi ikikamilika, iandikishe COSOZA, ofisi inayoshughulikia masuala ya hakimiliki Zanzibar.

Jua pia nini unachoweza kudai. Hakimiliki hulinda namna ulivyoandika, hailindi wazo. Watu wawili wanaweza kuandika riwaya za binti anayetoroshwa Pemba kwa dau na pasiwe na mwizi. Ugomvi mwingi unaoitwa wizi ni wa wazo, na mwandishi anayekwenda nao mbali huonekana mgomvi hata kwa waliokuwa upande wake.

Hadithi za bibi ni suala jingine. Ukichukua ngano uliyosimuliwa Makunduchi au Micheweni, wapo mia walioisikia kwa bibi zao, na wote wataona umewaibia. Andika katika utangulizi umeipata wapi, mwaka gani, kwa nani ikiwa ameridhia kutajwa, na wewe umeongeza nini. Mistari mitano inatosha. Wasioiweka hutumia miezi kueleza kile ambacho mistari hiyo ingekieleza.

Maoni yanapogongana

Hapa ushauri wetu ni mfupi kuliko watu wanavyotaka. Maoni mawili yanayopingana mara nyingi yanajibu maswali mawili tofauti. Muhammed Said Abdulla alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akamleta mpelelezi wake Bwana Msa, baadaye walitokea wahakiki waliomwona mwigaji wa hadithi za upelelezi za Kiingereza, na wengine waliomwona fundi wa Kiswahili cha Unguja. Hawapingani kama inavyodhaniwa. Mmoja ameuliza umbo limetoka wapi, mwingine ameuliza lugha imefanywaje. Ndivyo ilivyokuwa pia katika mzozo wa ushairi baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974: wengine walishika vina na mizani, wengine walishika uhuru wa mshairi, na vitabu vya pande zote mbili vikabaki kusomwa.

Kwa hiyo ukipata maoni kumi, usihesabu mangapi mazuri na mangapi mabaya. Andika kila moja linajibu swali gani. Manne yakilalamikia ukurasa ule ule kwa sababu nne tofauti, ukurasa una tatizo, hata kama hakuna sababu hata moja iliyo sahihi. Maoni ya mtu ambaye hawezi kutaja tukio moja la baada ya sura ya pili yaweke kando bila chuki. Huyo anakipima alichosimuliwa.

Oktoba 2021 jambo hili lilionekana kwa ukubwa wake. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948 aliyefika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi tarehe 7. Mara wakatokea wanaosema ni wetu na wanaosema si wetu, ameondoka zamani na anaandika Kiingereza. Mjadala ulikuwa mkali, na karibu wote ulikuwa juu ya pasi na kwao, si juu ya ukurasa wowote. Alikuwa na riwaya kumi wakati huo, na hakuna hata moja iliyokuwa madukani kwa Kiswahili. Tafsiri ya Paradise, yaani Peponi ya Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022. Ndipo mtu wa Darajani alipoweza kubishana juu ya sentensi.

Kwa mwandishi mdogo funzo hilo ni la kazi kabisa: weka nakala mahali maneno yalipo. Katika kila nakala 100 utakazochapa, tenga 10 zisizouzwa. Mpe mwalimu wa Kiswahili wa skuli mbili au tatu, peleka maktaba za Unguja na Pemba, acha moja kwenye baraza linalokusema zaidi. Usiandike ndani yake neno la kujitetea. Nakala moja ikizunguka baraza moja hupatikana mtu wa kusema "mimi nimesoma, hayamo hayo," na kauli yake ina uzito ambao yako haitakuwa nao.

Wewe mwenyewe unaposemwa

Mwanamke akiandika mapenzi huulizwa ameyajuaje. Akiandika mwanamume haulizwi. Hakuna jibu zuri la swali hilo, kwa sababu kila jibu linakubali kuwa lilistahili kuulizwa. Uzinduzi ukiwadia, zungumza na mwenyekiti wa kikao siku moja kabla, mkubaliane kwamba swali la namna hiyo atalipokea yeye na kulirudisha kwenye kitabu: "Tuelekeze ni ukurasa gani." Jina la kalamu halisaidii kwa muda mrefu hapa, lahaja yako na mtaa wako vinakutaja. Litumie kutenganisha kazi zako za aina mbili, si kujificha.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, aliimbiwa kejeli juu ya ushamba na sura yake, akajibu kwa wimbo. Wengi huchukua hapo ruhusa ya kurusha vijembe. Wasichokiona ni kwamba alijibu kwa fani yake aliyokuwa bora ndani yake, na hakukana kwao. Ukiwa huna uhakika kuwa jibu lako ni kazi nzuri kuliko tusi lenyewe, nyamaza, kwani jibu baya huwafikishia tusi waliokuwa hawajalisikia.

Unapojibu dai, subiri saa 24. Andika maneno yasiyozidi 120: dai ni lipi, ukweli ni upi, ushahidi unaonekana wapi. Usimtaje aliyesema. Usitumie sauti ya WhatsApp. Hukatwa, hupelekwa vipande, na hasira ya sauti husikika kuliko maneno. Tuma maandishi yale yale kila mahali, neno kwa neno, maana tofauti ndogo kati ya kundi moja na jingine ndiyo itakayoitwa uongo. Kisha usiongeze. Aliyekasirika kweli kwa kujiona kitabuni, mwendee kwa miguu, nawe uwe na mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili. Usiende na kitabu mkononi, na usimwambie kuwa hakuelewa fasihi.

Wakati nao una kazi yake. Uchaguzi mkuu huangukia Oktoba kila baada ya miaka mitano, 2020, 2025, na kitabu kinachotoka kati ya Julai na Novemba ya mwaka huo kitasomwa kama cha kampeni hata kikiwa cha uvuvi wa pweza. Ramadhani nayo mabaraza hujaa baada ya tarawehe. Hadithi ya mapenzi ikitoka mwezi huo haitapata msamaha. Hiyo isogeze mbele wiki sita tu.

Malalamiko yote yaliyokuja kwa maandishi yaweke kwenye faili moja na muswada, pamoja na orodha ya kurasa zilizotajwa. Kosa la kweli, kama tarehe, jina la mahali au aya iliyonukuliwa vibaya, lirekebishe katika uchapaji wa pili na useme katika utangulizi kuwa umelirekebisha. Yaliyokuwa ladha ya mtu yaache kama yalivyo. Mhariri wa toleo hilo akikuuliza kwa nini ukurasa wa 43 umebadilika na wa 44 haukubadilika, uwe na karatasi ya kumwonyesha.