Kwa nini bweni la Baker House limepindapinda

Umeuliza kama ukuta wa Baker House, bweni la wanafunzi pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, ulipindwa kwa ajili ya urembo tu. Hapana, sababu kubwa ni mto. Msanifu wake, Alvar Aalto wa Ufini, alipewa kiwanja kinachopakana na barabara yenye magari mengi, na ng'ambo yake ni mto Charles. Jengo likinyooka, kila dirisha linatazama magari moja kwa moja. Likipinda, vyumba vingi vinautazama mto kwa mshazari, halafu upande wa kusini, wenye jua, unapata urefu zaidi wa kupanga vyumba. Ndiyo maana vyumba havifanani: vingine vina umbo la kabari.

Jengo lilikamilika mwaka 1949. Jina ni la Everett Moore Baker, mkuu wa masuala ya wanafunzi pale MIT aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1950.

Ukifika, usiishie kupiga picha ya lile wimbi. Sogea karibu na matofali. Aalto hakutaka yachambuliwe, kwa hiyo yaliyoungua yakawa meusi na yaliyojikunja kwenye tanuri yalijengewa humohumo, mengine yamechomoza nje ya ukuta. Mimi naupenda ukuta huo kuliko hata umbo lenyewe. Kisha zunguka nyuma, upande wa kaskazini: ngazi zimening'inizwa nje ya jengo, zinapanda kwa mshazari ghorofa hadi ghorofa.