Indiketa katika jaribio la udereva: niwashe lini, nizime lini?

SWALI: Mwalimu, katika jaribio la barabarani askari aliyenipima alisema kwamba ishara zangu zinachanganya wenzangu. Niliwasha indiketa kila nilipokata kona, na kwenye kipilefti niliwasha hazadi kwa sababu nilikuwa ninakwenda moja kwa moja. Nilikosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hazadi, kwa kuwa desturi hiyo imeenea mno katika barabara zetu za Tanzania na hata madereva wazoefu huitetea. Taa hizo ni tahadhari ya gari lililoharibika au lililosimama mahali pa hatari. Dereva aliye kushoto kwako, ambaye huenda gari jingine limemziba asione upande wako wa kulia, ataona taa moja tu ikiwaka na kuzima, naye ataamini kwamba unakata kuelekea kwake. Anayevuka makutano ya kawaida moja kwa moja hawashi ishara yoyote.

Kipilefti kina utaratibu wake. Ukikusudia kutokea njia ya kwanza ya kushoto, washa indiketa ya kushoto kabla ya kuingia na uiache iwake hadi utoke. Ukienda mbele, ingia bila ishara, kisha washa ya kushoto mara tu unapoipita njia inayotangulia ile unayoitaka. Ukikata kulia au ukigeuza kurudi ulikotoka, ingia huku indiketa ya kulia ikiwaka, zunguka nayo, nawe ubadilishe kuwa ya kushoto baada ya kuipita njia inayotangulia yako. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanafunzi ni kuisahau hiyo ishara ya kutokea, hata anayesubiri kuingia akabaki kubahatisha.

Kuhusu kona za kawaida, hukueleza uliwasha wakati gani, nami ninashuku kwamba tatizo lilikuwa hapo. Ishara iliyowashwa wakati usukani umekwisha kuzungushwa haimsaidii yeyote, kwa maana kila mtu anaona tayari unakokwenda. Tazama kwanza kioo cha ndani na kile cha upande unaokatia, washa indiketa, ndipo upunguze mwendo na kukata. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo katika maeneo ya makazi, gari hupita takribani mita 14 kila sekunde, kwa hiyo ukitaka walio nyuma wapate sekunde tatu za kujipanga, lazima uwashe zikiwa zimebaki mita 40 hivi. Hata hivyo, kama kabla ya kona yako kuna kituo cha mafuta au kichochoro, subiri ukipite kwanza, la sivyo bodaboda anayetoka humo ataingia barabarani akidhani unaingia kwake. Kumbuka pia kwamba indiketa inaomba njia tu; haikupi haki ya kupita mbele ya mwenye haki hiyo.

Kuzima nako hupimwa. Indiketa hujizima usukani unaporudi baada ya kona kali, lakini ukihama njia au ukilipita daladala lililosimama kituoni, usukani hauzunguki vya kutosha, na utatembea na ishara ya uongo usipoizima kwa mkono. Aidha, usiige mtindo wa malori ya masafa, ambayo huwasha kushoto kumwashiria aliye nyuma kwamba apite na kulia kumzuia. Mbele ya anayekupima, indiketa inasema unachokusudia kufanya wewe mwenyewe.

Jambo la mwisho ni gari lenyewe. Magari mengi yaliyotoka Japani yana kishikio cha indiketa kulia kwa usukani, ilhali ya Ulaya huwa nacho kushoto, na mwanafunzi aliyezoea aina moja huishia kuwasha waipa juani. Kabla ya kuondoka, jaribu pande zote mbili gari likiwa limesimama. Mlio ukienda haraka kuliko kawaida, yamkini balbu moja ya upande huo imeungua. Mwambie askari kabla hujatia gia.